Juu Nimesema

Mimi nililelewa kwa sentensi mbili. Ya kwanza ilikuwa "Nyamaza." Ya pili ilikuwa "Juu nimesema." Kwa sentensi hizo baba yangu aliendesha nyumba yenye watoto wengi, mbuzi na redio ya betri, na sikumbuki kumwona hata siku moja akitafuta maneno mengine. Nikaoa, nikapata watoto, nikajua sasa urithi umenifikia. Kumbe hapa Butembo, mashariki ya Kongo, kuna mwalimu mmoja kijana, wa mwaka wa pili wa primeri, aliyeamua kuniibia urithi huo mchana kweupe, na kaye na biki za kuniibia nazo nanunua mimi.

Juzi nilikuwa mezani, bugali mbele yangu, na sombe. Nikaonja, nikasema sombe ya leo ni tamu. Mtu mzima husema hivyo ili aongezewe. Binti yangu, ambaye bado ana pengo la meno ya mbele, akasimamisha tonge hewani.

"Papa, sababu?"

"Sababu ni tamu."

"Ile haiko sababu. Umerudilia tu maoni."

Mama yake akageukia ukuta ili nisimwone anavyocheka. Nikasema basi, sombe ina mawese ya kutosha. Mtoto akanyoosha kidole kimoja, akavishika vingine viwili kwa mkono wa pili, akaningoja. Sombe ikapoa.

Sijui nyumbani kwenu mambo yakoje, lakini kwangu amri zote sasa zinakwenda kwa kesi. Nikisema zima redio, naulizwa. Nikisema usicheze na wale watoto wa nyumba ya pili, naulizwa ni nani aliyewaona wakikosa, na lini. Nikisema leo hakuna hela ya beinye, mtoto anatazama mfuko wa shati langu kwa jicho la mkaguzi. Na "juu nimesema", silaha ya babu zangu, imekufa. Akiisikia anatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikiliza mgonjwa.

Nikaenda shuleni kulalamika. Madamu nilimkuta uani, chaki imemjaa kwenye vidole, naye akanipokea kwa heshima zote, jambo lililoniharibia hotuba niliyoiandaa njia nzima juu ya pikipiki.

"Papa, karibu. Mtoto yako anajua kusema."

"Ndiyo maana nimekuja, Madamu."

Akanielezea kazi yake kwa kutumia mkono. Kidole gumba ni maoni, yaani kile unachofikiri. Vidole vitatu vya katikati ni sababu, na kila sababu lazima ije na mfano wake, kitu ulichokiona, ulichokihesabu ao ulichoambiwa na mtu unayeweza kumtaja. Kidole kidogo ni cha kufungia. Mtoto anaandika sentensi moja moja, huku akihesabu vidole vyake chini ya benchi.

"Na akiwa na gumba peke yake?"

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Papa."

Hiyo ndiyo shida ya walimu vijana. Unakwenda kuwagombeza, wanakupiga kwa methali ya babu yako mwenyewe.

Nikabaki dirishani, nikajifanya nangojea motari. Mada ya siku ile ilikuwa kama masomo yaanze saa mbili badala ya saa moja na nusu. Wageni wakisikia kwamba ikweta inapita kilomita chache tu kusini mwetu, wanadhani tunaungua. Hawajaamka Butembo saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelalia vilima na maji ya kunawa yanauma kama sindano. Mvulana mmoja akasimama: tuanze saa mbili juu kuko baridi. Madamu hakusema vizuri wala vibaya. Aliuliza darasa: nani leo alisikia baridi njiani? Mikono ikainuka. Nani hakusikia? Mikono mingine, ya wanaoishi karibu, na ya mmoja aliyevaa makoti mawili. Akahesabu kwa sauti, akaandika hesabu ubaoni pembeni ya sababu ya yule mvulana, akasema sasa sababu hii ina mashahidi. Msichana wa nyuma akatoa ya kwake: tuanze saa mbili juu walimu nao wanachelewaka. Darasa likapasuka. Nilitazamia fimbo. Madamu akageuka, akaiandika ubaoni pia, akauliza: "Mfano?" Wakampa mfano. Wakataja na siku.

Mtu atasema hayo ni mambo ya shule zenye watoto wachache. Aje aone. Katiba ya 2006, kwenye kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni ya bure. Tukasubiri miaka kumi na mitatu, na mwezi wa tisa 2019 ubure ukaingia kweli, watoto nao wakaingia kwa wingi mpaka benchi zikalia. Kwa mwalimu, kunakilisha ni raha. Unaandika mukhtasari ubaoni, wanaandika, unapitisha jicho. Kaye zote ni mapacha, ukiona moja umeziona zote. Maoni hayana pacha. Kila kaye inabidi isomwe kuanzia gumba mpaka kidole kidogo, na mishahara ya walimu wetu mnaijua. Kwa hiyo nikiuliza kwa nini watoto wengi hawafundishwi kutetea wanachofikiri, nina sababu tatu na mifano yake, na hakuna hata moja inayohusu uvivu wa mtoto.

Sisi tulisoma vipi? Kwa kuitikia. Mwalimu anasema nusu ya neno, darasa linamalizia nusu iliyobaki kwa sauti moja. Mwisho wa primeri ukaja mtihani wa taifa wa kuchagua herufi, na aliyebahatisha vizuri akapita. Kisha sekondari, kunakili tena, sasa kwa Kifaransa. Halafu, baada ya miaka yote hiyo ya "funga mdomo uandike", Serikali yenyewe inakuita kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na kabla hata ya zile karatasi za kuchagua jibu inakupa mtihani wa disertasyo: hii hapa mada, toa hoja, zitetee, hitimisha. Kijana wa miaka kumi na minane anaulizwa kwa mara ya kwanza maishani mwake anafikiri nini, anapewa saa chache za kujibu, na diploma inategemea. Wengine wanakwenda na disertasyo waliyoikariri, utangulizi na hitimisho tayari, wakitumaini mada itaikubali. Wakifaulu tunawamwagia poda kichwani mtaa mzima unakohoa. Namna walivyofaulu hatuulizi.

Turudi kwa binti yangu, maana bado sijamaliza kulalamika. Kazi ya nyumbani iliyoniharibia Pasaka ilikuwa hii: "Butembo na Beni, wapi ni pazuri kuishi? Toa maoni na sababu tatu."

Mwalimu huyu hana huruma. Mimi ni wa Butembo. Mama mkwe wangu ni wa Beni. Kati ya miji hii miwili kuna kilomita 54 za barabara ya taifa namba 2, na kila ndoa ya upande huu na upande ule imejengwa juu ya makubaliano ya kutoligusa swali hilo. Na bibi mwenyewe, koko wa binti yangu, alikuwa amekuja kututembelea, ameketi sebuleni na kitenge mabegani, akilalamikia baridi.

Nikaona nimsaidie mtoto. Nikamwambia andika Butembo: mji wa wafanyabiashara, watu wetu wanakwenda Dubai na Guangzhou kama wengine wanavyokwenda sokoni, kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Graben tangu 1989, kuna hewa safi ya mlimani. Bibi akakohoa.

"Hewa safi, mukwe? Na ile vumbi nyekundu nimeikuta mpaka ndani ya chumvi?"

Nikakumbusha kwamba Beni kuna joto. Akasema joto haliui, na kwamba Beni kuna uwanja wa ndege wa Mavivi, kuna kakao, na asubuhi mbingu zikiwa nyeupe unaona theluji ya Ruwenzori ukiwa unasukutua meno. Nikamwambia theluji iko mita 5,109 juu, haiko Beni, na nusu ya mlima ni ya Uganda. Akauliza vumbi la Butembo lenyewe ni la nani. Mke wangu akaamka, akaenda kutazama makaa jikoni, na hakurudi. Sote wawili tulikuwa tumepandisha sauti, na ninavyokumbuka hakuna aliyemjibu mwenzake. Kila mtu alikuwa anatupa kitu chake kizito na kuangalia kama kimempata mtu. Mtoto akawa anatutazama, biki mdomoni. Baadaye akaenda kuandika peke yake chini ya mwanga mwembamba wa taa.

Kaye ikarudi siku ya pili na kote, yaani alama, nzuri kuliko zote za muhula. Nanakili kama ilivyoandikwa:

"Mimi napenda kuishi Beni. Sababu ya kwanza, kwa koko hakuna baridi, asubuhi naoga bila kulia. Sababu ya pili, kuko kakao, tunanyonyaka mbegu zake ziko na sukari. Sababu ya tatu, tukiwa kwa koko Papa anakuwaka mupole, hapigake kelele, anasemaka asante. Kwa hiyo napenda Beni."

Pembeni ya sababu ya tatu, kwa wino mwekundu: "Mfano mzuri sana!"

Nikarudi shuleni. Nilikuwa na hoja ya kweli safari hii, na bado naitetea: upole wangu si mali ya mji wa Beni. Mtoto alipaswa kutetea mji, yeye akatetea namna baba anavyoogopa wakwe. Mkwe yule akihamia Butembo, nitakuwa mpole Butembo. Sababu inaweza kuwa ya kweli, tena yenye mashahidi, na bado isibebe maoni uliyoipandishia. Madamu akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua kaye, akaongeza chini: "Papa anauliza: hii ni sababu ya mji ao ya koko?" Akasema juma lijalo watalijadili darasani. Yaani upole wangu sasa umekuwa somo.

Kisha akanionyesha kaye nyingine, bila kunitajia jina, ya mtoto aliyekuja na wazazi wake wakikimbia kutoka upande wa Oicha. Ilikuwa na sentensi mbili tu, hakufika kwenye sababu ya pili. "Napenda Butembo. Juu huku usiku tunalala." Nikamuuliza amempa kote ngapi, na vile vidole vitatu havipo. Akaniambia amempa zote. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji yalipoanza upande wa Beni, kuna watoto wengi wenye jibu la namna hiyo, na mimi sina la kulalamikia hapo.

Ninachotaka kulalamikia ni sisi wakubwa. Butembo ni mji wa maoni. Nenda Furu, kwenye lile bunge la kusimama ambalo watu wanalijua mpaka nje ya mji, uone wanaume wanavyoijadili nchi juani na mvuani. Mtaani kwangu nako kuna mzee ambaye tangu nimfahamu hajawahi kusema "sijui". Muulize jambo lolote, analo. Muulize amelitoa wapi: "Watu banasema." Watu gani? "Batu." Hilo gumba la kwake ni kubwa, lakini vidole vingine sijaviona.

Na mambo hayo yalitugharimu. Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ikaanzia Mangina karibu na Beni, ikafika mpaka Butembo na Katwa, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Wengi walisema ni biashara. Ukiwauliza sababu walikuwa nayo, tena nzito: tumechinjwa miaka na hakuna aliyeleta magari, leo kuna homa, magari yamejaa barabara nzima. Hayo ni kweli, kila mtu aliyaona. Lakini sababu ile ilithibitisha kwamba dunia ilitusahau; haikuthibitisha kwamba ugonjwa haupo. Mji mzima ukapandisha mzigo wa kweli kwenye pikipiki isiyo yake. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa mwezi wa pili 2019, na tarehe 19 mwezi wa nne daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun aliyekuja kututibu, akauawa kwa risasi humu humu mjini kwetu.

Wala wakubwa wa Kinshasa wasicheke. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, tume ikatangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi kule magharibi, hazitapiga kura na wenzao. Kwetu sababu ni Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalijaa. Hakuna aliyetuzuia kukanyagana sokoni, tulizuiwa kupanga foleni tu. Watu wa Beni wakatoa jibu ambalo Madamu angelipigia tiki kila kidole: tarehe 30, taifa linapiga kura, wakajitengenezea ofisi zao za kura, wakapanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura isiyohesabiwa na mtu, ili ionekane kwamba inawezekana. Huo ndio mfano. Kura yetu halisi ikaja mwezi wa tatu 2019, na Rais alikuwa ameshaapishwa tarehe 24 mwezi wa kwanza. Zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamengojea zamu yao.

Watoto wanaona hayo yote. Mwezi wa nne 2021 wanafunzi wa Beni waliacha madarasa, wakaenda kukaa uwanjani kwa meria, ofisi ya meya, wakalala pale usiku kadhaa, wakidai Rais aje ajionee mauaji. Mwishowe wakatawanywa. Nikisikia mtu anasema watoto hawana haja ya kufundishwa kutoa maoni kwa sababu bado ni wadogo, nawakumbuka wale waliolala juu ya saruji ya meria na yunifomu zao. Maoni walikuwa nayo bila kufundishwa.

Jirani yangu, ambaye mtoto wake mkubwa alipita kwa mwalimu huyo huyo, amenipa moyo. "Vumilia," ananiambia. "Mwaka wa tatu Kifaransa kitaingia, atanyamaza." Na anasema kweli. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inataka mtoto afundishwe kwa lugha ya taifa ao ya mazingira yake, lakini kwa mazoea lugha zetu zinaachiwa miaka miwili ya mwanzo, kisha Kifaransa kinashika usukani. Yule mwana wa jirani, aliyekuwa na sababu tatu za kila kitu, leo yuko mwaka wa nne. Nilimwomba aniandikie anachopenda. Aliandika kwa mwandiko mzuri, bila kosa hata moja, kwamba anapenda shule kwa sababu shule ni nzuri. Baba yake alinionyesha kaye hiyo kwa fahari.

Mimi nilitakiwa nifurahi. Miezi michache tu na nyumba yangu itarudi kwenye utulivu: nitakula sombe ya moto, nitazima redio bila kesi. Lakini jana binti yangu alinijia na vidole vitano vimenyooka, anataka tufuge sungura. Nyama yake inauzwa, hesabu alishaifanya. Majani yako bure nyuma ya nyumba, alinipeleka kuyaona. Na mimi mwenyewe nilisema mwaka jana kwamba tutafuga kitu. Akataja siku, akataja nani mwingine alikuwepo. Nikafungua mdomo niseme "hapana, juu nimesema", nikaangalia ile mikono. Sungura wawili wako kwenye sanduku la sabuni, na mmoja ameshakula kamba ya kiatu changu.

Kwa hiyo nyinyi walimu wa mwaka wa tatu, wa Butembo na wa Beni, nawaomba mwaachie watoto hawa saa moja kwa juma waendelee kutetea maoni yao kwa Kiswahili, wakati Kifaransa kinakomaa. Na wewe Madamu, nakuomba mada ya juma lijalo uibadilishe. Nimeiona kwenye kaye, imepigiwa mistari miwili: "Nyumbani nani anafanya kazi nyingi, Papa ao Mama?" Mke wangu ameshaanza kukusanya mifano.